ASIFUYE MVUA IMEMNYEA: Uhakiki wa Tuzo za Mipango Miji

Kutoa tuzo ni kutoa hukumu. Anayetangaza kwamba kazi fulani imezipita nyingine kwa ubora amekwisha kutuambia, hata asipotamka, ni vigezo vipi alivyovitumia, ni macho ya nani yaliyotazama, na ni mambo gani yaliyoachwa bila kutazamwa. Katika fasihi jambo hili tumelizoea. Wahakiki wa ushairi wamebishana miaka mingi juu ya nani mwenye haki ya kuamua kuwa shairi hili ni zuri na lile halifai. Katika mipango ya miji, ubishi wa namna hiyo haujashika mizizi kwetu. Jiji linapopewa tuzo, magazeti hutangaza, viongozi hupokea heshima na umma hupiga makofi. Ni mara chache mtu husimama akauliza: kilichosifiwa ni nini hasa, na aliyekisifu ni nani?

Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo. Hatusemi kwamba tuzo ni jambo baya. Mpimaji, msanifu na fundi wanaofanya kazi njema wanastahili kutajwa, na taifa lisilowataja watu wake wema huishia kuwaiga wengine. Tunachosema ni kwamba mji ni sehemu ya utamaduni kama ulivyo wimbo au ngoma, na kwa hiyo kuusifu mji kunahitaji uhakiki uleule unaohitajika katika kuusifu wimbo. Wahenga walitupa kanuni moja inayotosha kuwa mwanzo: asifuye mvua imemnyea. Ushahidi wa mvua unatoka kwa aliyelowa.

Mila ya kusifu na kushindana

Kushindanishwa na kutuzwa si mambo mageni kwetu. Mitaa ya pwani ilishindana kwa ngoma kwa vizazi vingi. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita vyama vya beni, kama vile Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar es Salaam. Mshindi hakuamuliwa na barua kutoka mbali. Aliamuliwa na watu waliokuwapo uwanjani, waliosikia kwa masikio yao na ambao kesho yake wangeimba wimbo wa mshindi au wangeusahau. Hukumu ya namna hiyo ilikuwa na upungufu wake, kwa maana upendeleo wa mtaa haukukosekana. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja kubwa: mwamuzi aliishi na matokeo ya uamuzi wake.

Tuzo za siku hizi za miji zina utaratibu mwingine. Jopo la wataalamu hukutana katika mji wa mbali, husoma maelezo yaliyoandikwa na wenye mradi, hutazama picha na michoro, kisha huamua. Baadhi ya tuzo hujitahidi zaidi. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na ambayo hutolewa kila baada ya miaka mitatu, hutuma wataalamu kwenda kuikagua kazi mahali ilipo, na hudai kwamba kazi iwe imekwisha kutumika kwa muda wa mwaka mmoja angalau. Utaratibu huo ni mwema. Lakini mwaka mmoja katika maisha ya nyumba ni kitu kidogo, na katika maisha ya mji ni kufumba na kufumbua.

Bandari salama kwa nani?

Tutazame historia ya Dar es Salaam, kwa kuwa inatufundisha jinsi sifa ya mji inavyoweza kuwa ya kweli na ya uongo kwa wakati mmoja. Chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, mji huu uligawanywa katika kanda za ujenzi. Upande wa pwani, penye upepo na miti, palikuwa pa Wazungu. Katikati palikuwa pa Wahindi na maduka yao. Na nyuma, Kariakoo na Ilala, palikuwa pa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana, Mnazi Mmoja, ukawa mpaka uliotenga watu na watu. Msafiri aliyeteremka bandarini siku hizo aliweza kuandika kwa moyo safi kwamba aliuona mji mzuri, wenye barabara pana na bustani. Hakusema uongo. Alisema aliyoyaona, na aliyoyaona yalikuwa yamepangwa ayaone.

Jambo la kutafakari ni kwamba kigezo hicho hakikuondoka pamoja na bendera ya mkoloni. Baada ya Uhuru mipango kabambe miwili ya jiji, wa mwaka 1968 na wa mwaka 1979, ilitayarishwa na makampuni kutoka Kanada. Yote miwili iliandikwa kwa Kiingereza. Hatuwalaumu wataalamu wale kwa kutokujua Kiswahili. Tunasema tu kwamba mwenyeji wa Magomeni au Temeke, ambaye nyumba yake ilichorwa katika ramani hizo, hakuwa na njia ya kuzisoma, na asiyeweza kuusoma mpango hawezi kuuhakiki. Ilikuwa kama kuandikiwa barua ya posa kwa lugha usiyoijua, kisha ukaulizwa kama umeridhika.

Wakati huohuo, wananchi wasiopata viwanja vilivyopimwa walijijengea wenyewe. Katika miaka ya 1960 sera ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake. Ikaonekana haraka kwamba nyumba zilizojengwa hazikuwa nyingi kushinda zilizobomolewa kwa kiasi cha kutosheleza mahitaji. Mwaka 1972 serikali iligeuza njia: makazi yaliyokuwapo yaboreshwe badala ya kubomolewa, na viwanja vipya vipimwe na kuwekewa huduma. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ilipata barabara, maji, taa na majengo ya umma, na viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kazi hiyo ilikuwa na dosari. Sehemu ya viwanja iliwaangukia wenye kipato kuliko wale waliokusudiwa, na mitaro iliyochimbwa haikupata mtu wa kuizibua. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba nyumba ya maskini ni mali na si uchafu, lilikuwa wazo kubwa. Halikupigiwa makofi mengi, kwa sababu picha ya mtaro haipendezi ukutani.

Jopo lililosifu vichochoro

Kwa bahati njema, mahali pengine wazo kama hilo lilipata kutuzwa. Mwaka 1980, Tuzo ya Aga Khan ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mojawapo ya kazi zilizotunukiwa ilikuwa mpango wa kuboresha makazi ya kampung katika mji wa Jakarta, Indonesia. Kampung ni mitaa ya watu wa kawaida iliyojengwa bila mpimaji, kama Manzese yetu. Mpango ule ulianza mwaka 1969. Haukujenga jumba hata moja la kupigiwa picha. Ulipeleka njia za miguu zilizosakafiwa, mitaro, mabomba ya maji, vyoo, shule na zahanati, na nyumba zenyewe ziliachwa mikononi mwa wenyewe. Njia ilipokauka na maji yalipoacha kutuama, wenye nyumba walianza wenyewe kubadili kuta na mapaa yao.

Twaona hapa jinsi uamuzi wa jopo unavyoweza kuwa kazi ya uhakiki wa hali ya juu. Waamuzi wale waliokuwa wakitafuta ubora wa usanifu waliupa heshima mtaro. Kwa kufanya hivyo walibadili maana ya neno lenyewe: usanifu ukawa ni pamoja na uamuzi wa kutokubomoa. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake tofauti kati ya uhakiki unaofuata mazoea na uhakiki unaofungua macho hatapata mfano bora kuliko huu. Lakini hata hapa miaka imeongeza neno lake, maana baadhi ya kampung za Jakarta baadaye zilibomolewa ili kupisha majengo marefu. Tuzo ilitambua jambo jema. Haikuwa na uwezo wa kulilinda.

Jiji lililotuzwa na mto uliosahauliwa

Sasa turudi nyumbani, kwenye mfano ulio karibu nasi zaidi. Mwezi Mei mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo umma uliyapa jina la mwendokasi, yalianza kazi Dar es Salaam. Awamu ya kwanza ilikuwa na njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, tuzo iliyokwisha kutolewa kwa miji kama Bogotá, Seoul, Paris na New York. Dar es Salaam lilikuwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Haki itendeke: kulikuwa na mengi ya kusifu. Basi lenye watu zaidi ya mia lilipewa njia yake, na gari lenye mtu mmoja likaambiwa lisubiri. Huo ni uamuzi wa kisiasa na wa kimaadili kabla ya kuwa wa kihandisi. Vituo vilijengwa usawa wa sakafu ya basi, hata mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni waliweza kuingia bila kubebwa. Kando ya njia zilijengwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, katika jiji ambamo wengi hutembea na wachache huhesabiwa. Jopo lililoona hayo halikukosea.

Lakini njia hiyo inavuka bonde la mto Msimbazi pale Jangwani. Kila mwenyeji wa jiji anajua bonde hilo hufanya nini wakati wa masika. Mwezi Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadaye serikali iliwahamisha wakazi wengi wa mabondeni kwenda Mabwepande, kwa hoja iliyo sahihi kabisa kwamba bonde si mahali pa binadamu kukaa. Katika bonde hilohilo, pale Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi. Mwezi Aprili mwaka 2018, mwaka uleule wa tuzo, maji yaliingia karakana na kuharibu mabasi. Haikuwa mara ya mwisho. Mvua kubwa ziliendelea kuifunga barabara ya Jangwani na kuligawa jiji vipande viwili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, ambao miongoni mwa kazi zake ni kujenga daraja lililoinuka na kuihamisha karakana.

Tufikirie kwa makini maana ya jambo hili. Maji hayakufanya siri. Wale walioondolewa bondeni walikuwa wakiyajua kwa miili yao, na serikali yenyewe iliyatumia kama hoja ya kuwaondoa. Ujuzi ulikuwapo, ila haukuingia katika mchoro wa karakana, na kwa kuwa haukuingia katika mchoro haukuingia katika tuzo. Tuzo ilipima basi na njia yake, haikupima mto. Mpango wa usafiri uliandikwa katika daftari moja, na mpango wa maji katika daftari jingine, na hakuna aliyeyasoma yote mawili isipokuwa abiria aliyesimama Magomeni asubuhi, viatu mkononi, akiitazama Fire ng'ambo ya maji.

Huenda mtu akajibu kwamba tunadai mno; kwamba jopo la usafiri huhukumu usafiri, kama vile mwamuzi wa shairi asivyoulizwa juu ya bei ya karatasi. Jibu hilo lina uzito, lakini neno "endelevu" linalivunja. Mwenye kuisifu kazi kwa kuwa endelevu amekwisha kusema kwamba itadumu, na kudumu ni habari ya mvua, ya matengenezo na ya mabasi kutosha abiria wake miaka kumi baada ya utepe kukatwa. Ahadi ya wakati haiwezi kuthibitishwa kabla ya wakati.

Kazi isiyotuzwa: Michenzani

Kinyume cha mfano huo ni majengo ya Michenzani, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuijenga upya Ng'ambo, upande wa mji ambao tangu zamani ulikuwa wa watumwa wa zamani, wachukuzi na mafundi, ukitazamana na Mji Mkongwe ng'ambo ya mkondo. Mpango wa mwaka 1968 ulitayarishwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Yakajengwa majengo marefu ya ghorofa pande mbili za barabara kuu zinazokutana Michenzani. Watu wakayaita treni.

Wahakiki wengi wameyalaumu, na sababu zao si za bure. Katika nyumba ya Kiswahili mna baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Baraza humpokea mgeni kabla hajawa mgeni wa ndani. Ua huwapa wanawake na wapishi nafasi yao. Ghorofa ilifuta vyote viwili, na maji yalisumbua kupanda juu. Isitoshe, nyumba nyingi zilibomolewa ili mistari ile inyooke. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kuongeza neno. Aliyepewa nyumba pale alikuwa mtu ambaye hapo zamani hakuna mpangaji wa mji aliyemfikiria. Tena wakazi hawakukaa kimya ndani ya mchoro. Chini ya majengo waliotesha biashara na mabaraza mapya. Bao likachezwa, kahawa ikauzwa, na nafasi iliyoachwa tupu na mchoraji ikajazwa na desturi. Hakuna aliyewapa tuzo. Nasi tunasema kwamba ubora wa kuishika Michenzani kama ilivyo leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi yao.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo inastahili, ingawa kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib mwezi Desemba mwaka 2020 kulitukumbusha kwamba orodha haishikilii dari. Ng'ambo haikuwa na orodha. Ndiyo maana tunaipa thamani juhudi iliyofanyika Unguja miaka ya karibuni ya kuutafiti na kuupangia upya mtaa huo kwa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Jina hilo lina mambo mawili ambayo mipango ya zamani haikuwa nayo: Kiswahili, na nafsi ya kwanza wingi.

Vigezo tunavyovipendekeza

Kutokana na mifano hii twaweza kuvitaja vigezo vichache, si kwa kuwa ni vipya, bali kwa kuwa mara nyingi husahauliwa mbele ya picha nzuri.

Kwanza, wakazi. Yafaa kuuliza: waliokuwa wakiishi mahali hapa kabla ya mradi wako wapi? Mtaa uliopendeza baada ya wenyewe kufukuzwa na kodi haukuboreshwa. Umebadilishwa wenyewe tu.

Pili, maji. Mvua ikinyesha usiku kucha, yanaelekea wapi, na nani anakaa huko yanakoelekea? Mtaa unaweza kujikausha kwa kumlowesha jirani.

Tatu, matengenezo. Nani atauzibua mtaro mwaka wa kumi, na analipwa na nani? Uboreshaji wa Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, ulijaribu kulijibu swali hili kwa kuwaajiri wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, katika kujenga mitaro na njia za mtaa wao. Mtu hulijua vizuri zaidi jiwe alilolibeba.

Nne, kivuli na maongezi. Mji hauishiki kwa barabara peke yake. Mahali pa mzee kukaa bila kununua kitu, na pa mtoto kucheza bila kugongwa, hapaonekani sana katika hesabu za wahandisi, lakini pasipokuwapo kila mtu huona.

Tano, lugha. Mpango ambao hausomeki kwa lugha ya wanaopangiwa usihesabiwe kuwa bora, hata uwe na michoro ya kupendeza namna gani.

Hitimisho

Tuzo za miji zitaendelea kutolewa, na tunatumaini miji yetu itaendelea kuzipata. Pendekezo letu ni kwamba hukumu ya kwanza ihesabiwe kuwa ya muda, nayo irudiwe baada ya miaka kumi, mbele ya jopo ambalo ndani yake wamo wakazi wa mahali penyewe, na taarifa yake ibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya mtaa. Tuzo ambayo haiwezi kuvumilia kurudiwa haikuwa na uzito mwanzoni.

Kwa walimu na wanafunzi ipo kazi isiyosubiri jopo lolote. Darasa linaweza kutoka na madaftari, likapita katika mtaa wa shule wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika, likaandika mtaro unaishia wapi, bomba gani linatoa maji, wazee wanakaa wapi, na nyumba zipi zimewekewa alama ya kubomolewa. Kisha waulizwe wenyeji, kwanza wale wanaokaa bondeni.

Hao ndio walionyewa.